Feni za volti 12 kwenye chumba cha kulala cha boti, Ziwa Nyasa: zivute hewa nje au ziisukume ndani?

NahodhaKyela (Kyela)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni.

Nina boti ya mbao ya mita 11 inayofanya safari kati ya Itungi, Matema na vijiji vya mwambao wa Ludewa hadi Lupingu na Manda. Tunakwenda na mchele na saruji, tunarudi na dagaa usipa waliokaushwa, na msimu mwingine tunapakia vyungu vya Wakisi pale Ikombe. Mara nyingi tunalala ndani ya boti, tukiwa tumetia nanga au tukiwa tunasubiri upepo wa kusini utulie.

Chumba chetu cha kulala kiko omo, yaani mbele ya boti. Kina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita moja na nusu, na humo tunalala watu wanne. Mlango ni mmoja tu, nao unatazama nyuma. Kuna vidirisha viwili vya duara ambavyo ziwa likichafuka ni lazima vifungwe. Nyuma ya chumba, upande mwingine wa ukuta wa mbao, ndipo ilipo injini ya dizeli. Wanaoijua Kyela wanajua kwamba joto la huku si la Mbeya mjini, na ukiongeza unyevu wa masika na pumzi za watu wanne, ifikapo saa kumi alfajiri matone ya maji yananing'inia chini ya dari, na yakianza kudondoka humwangukia anayelala karibu na mlango. Magodoro yameota ukungu mweusi ingawa tunayaanika kila tukipata jua.

Nilinunua feni mbili za gari, zile za kubandika kwenye dashibodi, volti 12, wati 15 kila moja. Nikazifunga kwenye pembe za chumba na kuvuta waya mwembamba kutoka kwenye betri iliyo nyuma karibu na injini, umbali wa mita 9. Betri ni N70, yaani ya ampea-saa 70, nayo inachajiwa na paneli ya wati 50 pamoja na injini yenyewe tunapotembea. Matokeo yake ni mambo mawili, na yote hayanifurahishi. Kwanza, chumba bado ni tanuri, isipokuwa sasa ni tanuri lenye upepo. Pili, mara mbili mwezi uliopita betri iligoma kuwasha injini asubuhi, tukalazimika kuazima betri kwa jirani huku abiria wakitutazama.

Naomba msaada wa kitaalamu katika mambo haya: nitumie feni za aina gani zisizokula sana betri, nizifunge sehemu gani, na je, ziwe za kuvuta hewa chafu kwenda nje au za kusukuma hewa safi kuingia ndani? Mafundi wawili niliowauliza hapa Kyela wamenipa majibu yanayopingana.

---

FundiMwanjelwa (Mbeya mjini)

Ugonile, nahodha. Mimi ni fundi umeme wa magari na sola hapa Mwanjelwa. Boti sijazifanyia kazi nyingi, lakini umeme wa volti 12 ni uleule popote unapokwenda, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Feni ulizofunga hazikuingizii hewa yoyote, kwa sababu zinachukua hewa ya chumbani na kuirudisha chumbani. Upepo ukimpiga mtu mwenye jasho humpoza ngozi, na ndiyo maana usiku wa kwanza uliona nafuu, lakini hewa yenyewe ikishashiba unyevu hata jasho halikauki tena. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi kiasi cha gramu 40 hivi kwa saa, kwa hiyo ninyi wanne kwa saa tisa mnatoa karibu lita moja na nusu. Hayo ndiyo matone unayoyaona darini. Hayana pa kwenda mpaka hewa iliyoyabeba itoke nje na nyingine iingie mahali pake.

Sasa hesabu ya betri. Feni zako mbili kwa pamoja ni wati 30, yaani ampea 2.5. Zikifanya kazi saa tisa zinakula ampea-saa 22 na nusu. N70 ikiwa mpya haifai kushushwa chini ya nusu yake, yaani ampea-saa 35 hivi, na yako naamini si mpya. Ongeza taa, redio na simu za watu wanne zinazochajiwa, halafu ukumbuke kwamba paneli ya wati 50 kwa siku ya mawingu ya Kyela inaweza isikurudishie hata ampea-saa 12. Injini kugoma asubuhi ndilo jambo ambalo lilipaswa kutokea.

Waya nao unakuibia. Umeandika kwamba ni mwembamba, nami nahisi ni ule wa spika wenye milimita ya mraba 0.5. Umeme unakwenda mita 9 na kurudi mita 9, jumla mita 18 za shaba, na waya wa unene huo kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.63 hivi. Zidisha kwa ampea 2.5, utaona kwamba unapoteza volti moja na nusu njiani. Betri ikiwa na volti 12.2, feni zinapata 10.7 tu, na kinachopotea kinapasha waya moto ndani ya mbao za boti yako. Ungetumia waya wa milimita 1.5, upotevu ungeshuka hadi nusu volti. Ukitumia feni zinazokula ampea 0.5 kwa pamoja, upotevu unakuwa kama hakuna.

Feni hizo zipo, ni za kompyuta, zile za milimita 120. Kila moja inakula kati ya ampea 0.1 na 0.3, na ikiwa haijazibwa na kitu husogeza mita za ujazo 100 za hewa kwa saa, nyingine chini ya hapo, nyingine juu kidogo. Ukishaweka wavu na bomba, hesabu nusu tu. Chumba chako ni mita za ujazo 9. Feni mbili zikikupa mita 100 kwa saa kwa pamoja, hewa yote inabadilika mara 11 kwa saa, na kila mtu anapata mita 25 za hewa mpya. Zikiwa za ampea 0.25 kila moja, usiku wa saa kumi utakugharimu ampea-saa 5 badala ya 25.

Kuhusu mahali, ningezifunga juu kabisa, karibu na mlango, zikivuta hewa kwenda nje, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Hewa safi utaiachia tundu la chini upande wa omo.

---

KamweneMtera (Iringa)

Kamwene. Nakubaliana na fundi katika kila alichosema kuhusu umeme, lakini kuhusu upande wa kupulizia nina sababu mbili za kumpinga kwa heshima. Nilifanya kazi ya ubaharia Dar es Salaam miaka kadhaa kabla ya kurudi Iringa, na sasa nina boti za uvuvi bwawani Mtera.

Sababu ya kwanza ni injini. Nahodha amesema kwamba ukuta unaotenganisha chumba na injini ni wa mbao. Ukuta wa mbao kwenye boti inayotikisika hauwezi kuzuia hewa, kwani una nyufa za maungio, na pale nyaya na mabomba yanapopita kuna matundu ambayo hakuna aliyeyaziba. Feni ikivuta hewa kutoka chumbani, chumba kinabaki na upungufu, na upungufu huo utajazwa kutoka popote palipo rahisi. Ikiwa tundu la omo ni dogo au mtu amelifunika kwa koti kwa sababu ya baridi, hewa itatoka chumba cha injini, ikiwa na harufu ya dizeli, joto, na moshi ikiwa bomba la kutolea moshi limepasuka. Boti ikiwa mwendoni ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuma ya kibanda kinachokata upepo hewa huzunguka na kurudi, ikiukokota moshi wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, kuelekea mlangoni. Mlango wako unatazama huko huko. Feni inayosukuma hewa ndani kutoka omo inafanya kinyume: chumba kinakuwa na msukumo mkubwa kidogo kuliko nje, na kila ufa unakuwa njia ya kutokea badala ya njia ya kuingilia.

Sababu ya pili kila nahodha anaijua bila kufundishwa. Boti iliyotiwa nanga omo hugeuka yenyewe ikautazama upepo. Kwa hiyo pale Matema, ule upepo unaoshuka kutoka safu ya Livingstone usiku, na huo wa kusini unaowafungia Lupingu, yote miwili inalikuta omo kwanza. Ukifunga feni ya kusukuma omo, unaufanyia upepo msaada. Siku upepo ukiwa mzuri unaweza hata kuizima feni, na hewa itaendelea kupita yenyewe. Ukitegemea kuvuta kwa nyuma unaweza kupata matokeo yaleyale siku njema, lakini siku mmefungwa gatini na upepo unatoka tezi, feni ya kuvuta itakuwa inashindana na upepo unaoingia kwenye tundu lake.

Tundu la kutokea liwe juu, juu ya mlango, na hapo fundi yuko sahihi kabisa kwamba hewa ya moto hupanda. Lakini liwe kubwa. Watu wengi hufunga feni nzuri halafu hewa haina pa kutokea.

---

NahodhaKyela

Nawashukuru sana wote wawili. Waya ni wa spika kweli, fundi umeotea vizuri.

KamweneMtera, hoja yako ya boti kuutazama upepo imenikaa sawasawa, lakini inaniletea hofu nyingine. Omo ndiko yanakopiga mawimbi. Kati ya Matema na Lupingu milima imeingia ziwani moja kwa moja, pa kujificha hakuna, na kuna siku maji yanapanda juu ya sitaha ya mbele kama ndoo iliyomwagwa. Nikitoboa tundu huko, si nitakuwa nimewawekea watu bomba la maji kitandani?

Jambo lingine ambalo sikulitaja mwanzoni: chini ya benchi la upande wa kushoto tunaweka dumu la lita 20 la petroli kwa ajili ya ile injini ndogo ya kubandika ya mtumbwi wa kufikia ufukweni. Sidhani kama lina uhusiano na mada, ila harufu yake huongeza uzito wa hewa humo ndani.

---

KamweneMtera (Iringa)

Swali la maji lilijibiwa zamani. Kuna jahazi la mashindano la Marekani lililoitwa Dorade, lililobuniwa na Olin Stephens na kuingia majini mwaka 1930, na jina lake limebaki katika sanduku la hewa ambalo hadi leo mabaharia wanaliita sanduku la Dorade. Unaweza kulitengeneza hapo Kyela kwa siku moja.

Unajenga sanduku la mbao juu ya sitaha, tuseme urefu wa sentimita 50, upana wa 20 na kimo cha 25. Kwenye mfuniko wake, upande mmoja, unasimamisha bomba la kuingizia hewa lenye mdomo uliopinda. Ndani ya sanduku, upande wa pili, unatoboa sitaha na kusimamisha bomba linalokwenda chumbani, lakini bomba hili halikatwi usawa wa sitaha. Linapanda ndani ya sanduku sentimita 10 hivi. Halafu chini kabisa ya kuta za sanduku unatoboa matundu madogo ya kutolea maji. Wimbi likiingia mdomoni, maji yanaanguka kwenye sakafu ya sanduku na kutoka kwa yale matundu ya pembeni, nayo hewa inapita juu, inavuka ukingo wa bomba la pili na kushuka chumbani. Maji hayawezi kupanda sentimita 10 ilhali yana pa kutokea. Mdomo wa nje uwe wa kugeuzika, ili siku mbaya uugeuze utazame nyuma, na uwe na kizibo cha kuziba kabisa ukilazimika.

Kwa mabomba tumia PVC ya inchi 4, ile ya maji machafu ya nyumba, na kona yake ya nyuzi 90 ndiyo inakuwa mdomo. Feni ya milimita 120 inakaa vizuri chini ya bomba hilo, upande wa chumbani, ikipuliza kwenda chini. Jenga masanduku mawili, moja kila upande. Usirefushe mabomba na usiweke kona tatu nne, kwa sababu feni za namna hii zina nguvu ya kusogeza hewa nyingi lakini hazina nguvu ya kuisukuma penye kizuizi.

Mabomba mawili ya inchi 4 yana uwazi wa sentimita za mraba 160 hivi. Tundu la juu ya mlango lifanye sentimita 10 kwa 30, kwa sababu ukishaweka wavu wa mbu karibu nusu ya nafasi inaliwa na nyuzi. Na kabla hujatoboa sitaha ni busara kuongea na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ili asije akakuta matundu asiyoyajua siku ya ukaguzi.

---

MkingaWaMakete (Makete)

Nimesoma uzi huu kimya kimya, lakini hilo dumu la petroli limenifanya niandike. Nahodha, dumu hilo lina uhusiano mkubwa na mada kuliko feni zenyewe.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi kwenda kwenye tundu lako la juu ya mlango, bali unatambaa sakafuni, unashuka chini ya mbao hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, na kukaa humo. Feni za dashibodi ulizonazo zina mota ya kaboni, na kaboni hizo zinapokwaruza hutoa cheche ndogo kila mota inapozunguka. Swichi nayo hutoa cheche unapoibonyeza. Feni za kompyuta hazina kaboni, na hilo ni afadhali, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya mahali penye mvuke wa petroli, kwa hiyo usijipe moyo nazo. Marekani, boti zenye injini ya petroli ndani hubandikwa onyo kwamba kipuliza cha chumba cha injini kiwashwe dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na kipuliza hicho ni cha aina maalumu isiyotoa cheche nje. Wewe injini yako ni ya dizeli, huhitaji gharama hiyo. Ondoa tu dumu hilo chumbani, lifungwe kwa kamba juu ya sitaha nyuma, mahali penye kivuli na upepo. Ukisikia harufu ya petroli mahali watu wanapolala, hilo si suala la kupitisha hewa, ni suala la kuondoa petroli.

La pili nalisema kwa sababu huku kwetu Makete tunalijua kwa machungu. Sijui kama mnapika au kuota moto ndani ya chumba hicho usiku wa Juni au Julai, mkiwa Lupingu na upepo wa ziwa unapenya. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kukohoa akaamka. Mtu asije akasema kwamba sasa tuna feni, jiko halina neno. Feni huzimika, fyuzi hukatika, na tundu huzibwa na mtu anayesikia baridi.

Betri mmesema iko nyuma, na iendelee kukaa huko. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi na hukusanyika juu, kwa hiyo boksi lake liwe na tundu kwenye mfuniko.

---

FundiMwanjelwa (Mbeya mjini)

Nimeshawishika na KamweneMtera, feni zisukume. Nilikuwa nafikiria chumba cha nyumba, ambacho hakina injini nyuma ya ukuta wala hakigeuki na upepo.

Naongezea mambo ya umeme ambayo yatakuletea hasara usipoyaangalia. Injini ikichaji, au jua la saa saba likiwa kali, betri ya volti 12 hupanda hadi volti 14.4. Feni nyingi za kompyuta zimepangiwa volti 10.8 hadi 13.2. Nimewahi kumfungia mteja feni nne za namna hiyo kwenye banda la vifaranga Uyole bila kulifikiria jambo hili, na mbili zilikufa kabla vifaranga havijaota manyoya. Nililipa mwenyewe. Siku hizi naweka kifaa kidogo cha kushusha volti, nakiweka kwenye 12, nazo hukaa muda mrefu. Dawa nyingine ni kuchagua feni ambayo karatasi yake inasema inavumilia volti 15. Soma pia alama ya kuhimili maji: IP55 au zaidi ndiyo ya kununua. Bahati yako ni kwamba Ziwa Nyasa halina chumvi, ingawa ukungu wa maji ya mvua pia unaua mota.

Waya uwe wa milimita 1.5, lakini usinunue waya wa kufungia nyumba wenye uzi mmoja mnene, maana mtikisiko wa dizeli utaukata ndani ya ganda lake na utatafuta tatizo wiki nzima. Nunua wa gari, wenye nyuzi nyingi. Fyuzi ya ampea 5 ikae kwenye betri yenyewe, upana wa kiganja tu kutoka kwenye kituo chanya, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote na si feni. Kila feni iwe na swichi yake, ili usiku wa baridi muwashe moja.

Ukizifunga, angalia pembeni mwa fremu, kwani nyingi zina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Zisizo na mshale hupuliza kuelekea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Feni ya dashibodi usiitupe, bakiza moja ya kuwapoza watu saa mbili za mwanzo wa usiku kisha mzime.

---

NahodhaKyela

Narudi baada ya wiki tano kutoa taarifa.

Masanduku mawili yamejengwa kwa mbao za mninga na fundi wetu wa boti, baada ya mkaguzi kuona mchoro. Mabomba ni PVC ya inchi 4. Feni nilizipata soko la SIDO hapo Mwanjelwa, ampea 0.22 kila moja. Dumu la petroli liko nyuma kwenye sitaha, na harufu ngamani iliisha siku ya tatu baada ya kuosha kwa sabuni na kuacha mbao za sakafu wazi. Nyufa za ukuta wa injini tumezijaza kwa pamba na lami kama tunavyojaza maungio ya boti, na nilishangaa kukuta tundu la kupitishia bomba la maji ambalo ngumi yangu ilipita.

Kabla ya kulala siku ya kwanza niliwasha kijiti cha udi, nikakishika chini ya kila bomba kisha kwenye kila pembe, ili nione moshi unakwenda wapi. Katikati ya chumba ulikwenda moja kwa moja hadi juu ya mlango na kutoka. Kwenye pembe ya mbele kulia ulisimama, ukajikunja, ukabaki hapo hapo. Tuliihamisha feni moja sentimita 30 na kuiinamisha kidogo, na ile pembe ikaanza kupumua. Asubuhi dari lilikuwa kavu, isipokuwa kwenye misumari ya chuma ambako kuna tone moja moja. Betri haijagoma tena. Wimbi limetupanda mara mbili tukielekea Lupingu, na maji yaliyofika chumbani hayakujaza hata kikombe cha kahawa.

Tatizo jipya ni kungu. Wiki iliyopita, tukiwa nje ya Matema, tulikutana na lile wingu la wadudu linaloonekana kwa mbali kama moshi unaopanda kutoka majini. Wavu niliouweka mdomoni mwa bomba uliziba kabisa kwa muda usiofika nusu saa, feni zikawa zinaunguruma bila hewa. Tulipoubandua ulikuwa umetanda tabaka jeusi kama uji uliokauka. Kijana mmoja wa boti alisema tungepaswa kuzikusanya tukazikaange kama wafanyavyo wazee wa mwambaoni. Mnanishauri nini, niondoe wavu?

---

KamweneMtera (Iringa)

Usiondoe, utakula kungu usingizini. Hamisha wavu kutoka mdomoni mwa bomba na uufanye mfuko: kata kitambaa cha chandarua, ukishone mfano wa soksi yenye urefu wa sentimita 40, kisha ukifunge kwa mpira chini ya feni, ndani ya chumba. Eneo la kitambaa litakuwa mara kadhaa ya uwazi wa bomba, kwa hiyo hewa haitasongwa, na wadudu watakusanyika mwishoni mwa soksi ambako utawakung'uta asubuhi. Mdomoni weka waya wa matundu makubwa tu wa kuzuia panya na ndege. Na taa ya sitaha izimwe mkishatia nanga, mbakize ile ya nanga juu ya mlingoti, kwa maana kungu wanafuata mwanga na masanduku yako yako chini ya taa hiyo hiyo ya sitaha.

---

NahodhaKyela

Nimeshona mbili kwa chandarua cha zamani. Tunaondoka Itungi Alhamisi.